Simu, kamera ya mfukoni au ya mkanda wa filamu: uanze na ipi mitaani Guangzhou?

Haupiti mwezi sijaulizwa. "Kaka, nataka kamera ya kupigia mtaani, ninunue ipi?" Mara nyingi anayeuliza ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, au kijana aliyepata kazi kwenye ghala la mizigo ya Dar na Mombasa, Jumapili hana la kufanya na usingizi umemchosha. Nami humrudishia swali: unakaa wapi, na kwa siku unapanda metro mara ngapi? Anadhani namzungusha. Hajui kwamba hapa Guangzhou mambo hayo mawili yana uzito kuliko megapikseli zote za dukani.

Kuna la tatu ambalo siulizi kwa sababu naliona: wewe ni mgeni, tena Mwafrika. Wapo wapiga picha wanaosifiwa kwa kupita mtaani bila kuonekana, wakachukua chao wakaenda. Bahati hiyo wewe huna. Simama dakika mbili chini ya baraza za Shangxiajiu, mtaa wa maduka wa zamani, mtoto ameshakunyooshea kidole na bibi yake ameshatoa simu, anakupiga wewe. Ndiyo maana kamera za hapa chini sikuzipima kwa ubora wa picha peke yake. Nimezipima kwa kuangalia mtu anafanya nini akiiona mkononi mwako.

Nimeishi na tatu kwa miaka minne: simu, Ricoh GR III, na Seagull 4A, ile ya Shanghai yenye lenzi mbili zilizopandana. Ya nne, kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, nilikuja nayo nikaiuza. Ilikuwa nzito, jua la Julai ni kali, na lenzi ndefu ikielekea upande wa jengo la serikali au daraja la reli walinzi wanakuja hata kama ulikuwa unapiga ndege. Kama tayari unayo, vaa lenzi moja fupi, nyingine acha nyumbani. Kama huna, usiinunue kwa kazi hii.

Simu

Hakuna nchi iliyo rahisi kupigia picha kwa simu kama China, kwa sababu mkono ulioinua simu hapa hauna maana yoyote. Watu wanaskani kulipia mboga, wanaskani kufungua baiskeli, wanaskani kuingia metro. Ukiinua yako mbele ya muuza samaki, atadhani unalipa. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, inakulazimisha usogee, na kusogea ndilo somo la kwanza la mtaa.

Kasoro ya kwanza ni ya rangi. Simu nyingi za hapa zina meiyan, kipodozi cha kidijitali kinacholainisha uso na kuung'arisha. Kizime kabla hujatoka, pande zote mbili za kamera. La sivyo rafiki yako wa Kigoma utampiga chini ya mwembe wa chuo, atoke mweupe kama unga wa sembe.

Kasoro ya pili niliijua kwa njaa. Jioni moja nilikuwa Shipai, kile kijiji kilichomezwa na jiji, ambapo nyumba zimekaribiana mpaka watu wa madirisha mawili wanaweza kupeana chumvi. Vichochoro vile vina giza mchana, nyaya zinaning'inia kama mizizi, na saa kumi na mbili taa za maduka zinawaka zote kwa pamoja. Nilipiga picha kama mtu aliyepagawa. Kisha nikaagiza chang fen, ile mikate laini ya mchele inayokunjwa na yai na kumwagiwa soya, nikala nusu sahani, nikatoa simu kulipa. Imezima. Hapa simu ndiyo pochi, ndiyo nauli, ndiyo ramani ya kurudi nyumbani. Mama wa chang fen alinitazama, akatazama ile simu, akasema, "Leng zai, kesho." Leng zai ni kijana mtanashati, lakini Guangzhou ni jina la kila mwanamume anayenunua kitu. Kesho yake nilirudi kulipa, nikampiga picha akiwa katikati ya mvuke, kwa ruhusa yake, na mpaka leo ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote za simu.

Ya tatu inatisha kidogo. Siku ukiambiwa ufute picha, na siku hiyo itafika, mwenye kukuambia atataka kuona umefuta. Ukiwa na kamera unamwonyesha picha za siku hiyo basi. Ukiwa na simu unamwekea mkononi WeChat yako, benki yako, na picha za mama yako. Siku hizi nikienda sehemu nisiyoizoea simu inabaki mfukoni kwa ajili hiyo tu.

Ricoh GR III

Hii ilitoka mwaka 2019. Ina gramu 257 pamoja na betri na kadi, inaingia mfuko wa suruali, na lenzi yake haivuti wala haisukumi: ni sawa na milimita 28 za zamani, yaani pana, na tundu lake la mwanga hufunguka mpaka f/2.8. Sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ya ukubwa wa zile za kamera kubwa za kawaida, kwa hiyo vichochoro vya Shipai usiku inavimudu bila kupaka rangi za kubuni.

Utamu wake ni fokasi ya kupanga mapema. Unaiambia kamera mita moja na nusu, au mbili na nusu, kisha unasahau. Ukibonyeza kitufe mpaka mwisho inapiga palepale kwa umbali huo, haitafuti. Mahali pa kujifunzia ni baraza za qilou, zile nyumba za ghorofa za Liwan na Beijing Lu ambazo ghorofa ya juu inatokeza na kushikwa na nguzo, watu wakapita chini bila kunyeshewa wala kuchomwa na jua. Mtu wa Mombasa au Unguja anajisikia nyumbani pale. Saa kumi alasiri jua linaingia kati ya nguzo kama visu, nguzo, mwanga, nguzo, mwanga. Simama penye mwanga, weka mita mbili na nusu, subiri. Atapita mwenye toroli la kadibodi, atapita binti mwenye mwavuli wa kuzuia jua, atapita mzee mwenye tundu la ndege. Huna haja ya kumfuata mtu yeyote.

Watu wakiiona wanafanya nini? Hapo kwanza hawafanyi kitu, maana inafanana na kitu cha kuchezea mtoto. Baadaye vijana wanaijua, kwa kuwa hapa imekuwa kama pambo la mjini, nao hukuuliza swali ambalo Mchina yeyote anaweza kukuuliza bila aibu: bei gani? Lakini kuna tatizo ambalo wanaoisifu hawalisemi. Inakufundisha wizi mdogo mdogo. Ni ya haraka kiasi kwamba unarudi nyumbani na nyuso themanini ambazo hukubadilishana nazo hata tabasamu. Kwa mwenyeji huenda si neno. Kwangu mimi, niliyekuja hapa na lugha ya kuombea maji na kupatanisha bei tu, mwaka mzima wa Ricoh uliniacha na picha nzuri na marafiki sifuri.

Betri inahesabiwa kwa picha kama 200, kwa hiyo tembea na mbili. Haijazibwa dhidi ya maji wala vumbi, na lenzi inayotoka na kuingia huvuta vumbi ndani. Usiitupe mfukoni pamoja na makombo ya mkate. Bei ni ya kuumiza. Iliyotumika niliyonunua mimi ilinigharimu zaidi ya yuani 5,000. Kwa pesa hiyo mtu wa Kariakoo anajaza begi la bidhaa na kulipia kilo zake.

Seagull 4A

Sasa hii. Ni boksi la chuma lenye uzito wa karibu kilo moja, linaning'inia shingoni mpaka kitovuni. Lenzi ya juu ni ya kutazamia, ya chini ni ya kupigia, milimita 75, f/3.5. Unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa, unauona mtaa ukielea kwenye kioo cha ukungu, umegeuzwa kushoto kulia. Mtu akienda kulia, kiooni anaenda kushoto. Wiki mbili za mwanzo utampoteza kila anayetembea. Inatumia mkanda mpana wa aina ya 120, picha 12 tu za mraba, kisha unakaa kwenye ngazi ya duka la mtu unabadilisha, ukiomba Mungu usiudondoshe.

Ukisoma sifa zake tu, hakuna sababu ya mtu mwenye akili timamu kuianza. Mtaani mambo yanageuka.

Siku ya kwanza niliipeleka bustani ya ziwa Liwan, ambako wazee wanacheza sataranji ya Kichina chini ya miti na kugombana kana kwamba wanagawana urithi. Na Ricoh nilikuwa nimeshapita pale mara nyingi. Walikuwa wananiacha nipite. Safari hii nilifungua kifuniko, nikainamisha kichwa. Mzee mmoja mwenye fulana nyeupe akaacha mchezo katikati. "Haiou!" Ndilo jina lake kwa Kichina, shakwe, ndege wa baharini. Akaja, akaichukua mikononi bila kuomba, akavuta kidogo mpini wa pembeni, akasikiliza. Akanionyesha kwa vidole kwamba alikuwa na yake, na kwamba picha za ndoa yake zilipigwa na kamera ya namna ile. Wenzake wakaja. Kila mmoja alitaka kuinama na kutazama kioo. Mtoto mmoja akatazama, akanyoosha mkono, akauona unakwenda upande usio wake, akacheka mpaka akakaa chini. Nilitumia mkanda mzima pale, na picha kumi kati ya 12 watu wananitazama usoni.

Naamini siri yake ni ile kuinama. Ricoh na simu unaziinua na kumlenga mtu. Seagull inakufanya uiname mbele yake, na mzee wa Kikantoni, sawa na mzee wa Tanga, anajua mgeni aliyepiga hodi na aliyechungulia dirishani hawako sawa.

Pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, kwenye daraja la waenda kwa miguu, waliwahi kufanya kazi wapiga picha wawili wa Kichina, Wu Yongfu na Zeng Xianfang. Walikuwa wahamiaji kutoka nje ya jiji, na wateja wao wengi walikuwa Waafrika waliotaka picha ya kumbukumbu ya kutuma nyumbani. Unasimama, unapigwa, unalipa. Baadaye picha zile zilikuja kuthaminiwa kuwa kumbukumbu ya pekee ya maisha yetu Guangzhou, kuliko nyingi zilizopigwa kwa kuviziana. Ukifikiri vizuri, hata kwetu "mpiga picha wa mtaani" kwa asili alikuwa huyo: yule wa ufukweni siku ya Idi aliyekupiga na shangazi yako, akakuletea picha wiki ijayo. Seagull imenirudisha kwenye kazi hiyo. Napiga, nachapisha, narudi na picha mkononi. Hakuna mlango ambao haujafunguka.

Gharama lakini ipo, na haiko kwenye kamera. Kamera yenyewe ni mamia ya yuani. Mkanda wa Shanghai GP3 wa nyeusi na nyeupe ni wa hapahapa na ni wa bei ya wananchi. Kazi ni kusafisha mkanda mpaka picha zitoke. Ama utume maabara kwa kisafirishi na kusubiri picha zirudi kwa njia ya mtandao, ama ujifunze kusafisha mwenyewe chooni usiku, na mwenzako wa chumba akuvumilie. Ukijumlisha yote, kila ukibonyeza unatumia yuani kadhaa. Mwanafunzi wa posho asijidanganye.

Halafu metro. Kila ukiingia kituo, mkoba unapita kwenye mashine ya eksirei. Mkanda wa taratibu, yaani usio mwepesi kuhisi mwanga, kama GP3 wa ISO 100 unavumilia kupita mara chache, lakini mtu wa kubadilisha treni kwenda kazini siku sita kwa wiki, mkanda uleule ukikaa mkobani mwezi mzima, anautafutia ukungu, picha zitoke zimefifia. Mimi hubeba mikanda kwenye kifuko cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikakishika mkononi na kumwomba mkaguzi akiangalie kwa macho: shoujian. Wengine wanakubali, wengine hawataki kusikia. Uwanja wa ndege ni hatari zaidi, kwa sababu mashine mpya za CT zina nguvu na mara moja inatosha kuharibu. Ndiyo maana nilisema niambie kwanza unapanda metro mara ngapi. Anayeishi Xiaobei na kutembea kwa miguu mpaka Beijing Lu hana shida hii hata kidogo.

Na unyevu. Kati ya Februari na Aprili kuna kipindi wanakiita huinantian, upepo wa kusini unarudi na ukuta unatoka jasho, sakafu inateleza, shati halikauki siku nne. Lenzi zinaota kuvu. Yangu ya kwanza iliota nikiwa nimeihifadhi kwenye begi zuri la ngozi, na ngozi nayo ikaota. Nunua kisanduku kidogo cha umeme cha kukausha, fangchaoxiang. Wa pwani wenzangu hili halina ugeni.

Kwa mwenye haraka:

| | Simu | Ricoh GR III | Seagull 4A |
|---|---|---|---|
| Uzito | unao tayari | gramu 257 | karibu kilo 1 |
| Picha kabla ya kuishiwa | mpaka nauli yako iwe hatarini | kama 200 kwa betri | 12 kwa mkanda |
| Watu wakiiona | hawaioni | wanaiona wameshapigwa | wanakuja wenyewe |
| Adui | betri, meiyan | vumbi, mvua, bei | huinantian, mashine za metro |
| Inafaa | kuanza, usiku, masokoni | baraza, mwendo, umati | wazee, bustani, majirani |

Yaliyo sawa kwa zote tatu

Kanuni ya Sheria za Madai ya China, iliyoanza kutumika Januari 1, 2021, inasema katika kifungu cha 1019 kwamba huruhusiwi kutengeneza, kutumia wala kutangaza sura ya mtu bila ridhaa yake, isipokuwa sheria iseme vingine. Kifungu cha 1020 kinaacha mwanya, mojawapo ukiwa picha inayoonyesha mazingira ya hadharani ambamo sura ya mtu haikwepeki. Kwa lugha ya mtaani: mtaa wenye watu ndani yake una hoja ya kujitetea, uso wa mtu mmoja uliojaza picha, hasa ukitaka kuutangaza, omba. "Keyi pai ma?", naweza kupiga? Maneno matatu, ukitanguliza ayi kwa mama wa makamo au shushu kwa baba. Ayi ni shangazi, na hapa mama asiye ndugu yako kuitwa shangazi haimshangazi, kama kwetu.

Paspoti tembea nayo. Mgeni wa miaka 16 na kuendelea anatakiwa kisheria kuwa nayo. Wanajeshi, kambi na polisi wakiwa kazini, usipige. Masoko ya jumla ya nguo na vitambaa yamejaa vibao vya kukataza picha, na sababu unaijua kama umewahi kufanya biashara: wanaogopa kuibiwa mitindo. Ukiona jinzhi paizhao, heshimu, hata ukiwa na simu. Viza ya masomo si ya kuuzia picha, usije ukajiponza kwa harusi ya rafiki yenye malipo.

Na wenzetu. Siku ya Ijumaa nje ya msikiti wa Xianxian, karibu na kaburi ambalo mapokeo yanasema ni la Saad bin Abi Waqqas, kuna mishikaki, mikate ya Wauyghur, kanzu, vitenge, Kiswahili, Kihausa, Kiarabu. Ni uwanja mtamu kuliko yote mjini. Ndipo pia mahali ambapo huenda aliyesimama mbele yako karatasi zake zimekwisha muda, na picha yako ikienda mtandaoni imemtaja alipo. Mchina akikataa kupigwa atakupungia mkono. Mwenzako akikataa huenda asiseme, atageuza uso tu. Ukiona uso umegeuka, shusha kamera.

Basi uchukue ipi

Kama umefika juzi: simu, miezi mitatu, mtaa mmoja. Namaanisha mmoja. Liu Tao wa Hefei alikuwa msoma mita za maji, na picha zilizomfanya ajulikane China nzima alizipiga kwenye mitaa ileile aliyopita kila siku kazini. Chagua njia yako ya kutoka kituo cha metro mpaka nyumbani, utashangaa kilichomo.

Kama miezi mitatu imepita na bado unaamka Jumapili alfajiri, na una kazi yenye mshahara, na metro ndiyo maisha yako: Ricoh, iliyotumika. Weka sharti moja, kila ukitoka uzungumze na watu watatu.

Kama wewe ni wa kukaa miaka, una mtaa unaokujua kwa jina, na Kichina chako ni kibovu: Seagull. Ndiyo, kwa mwenye lugha mbovu. Yenyewe inaongea.

Za kutumika zinapatikana Xianyu, programu ya mitumba, lakini kama ni kamera yako ya kwanza ya mkanda nenda ukaishike mwenyewe, pale masoko ya kamera ya upande wa Haiyin. Nenda siku kavu. Weka shata, kile kilango cha kupitisha mwanga, kwenye sekunde moja, bonyeza, hesabu "elfu moja na moja". Ikibaki wazi kana kwamba inafikiri, irudishe mezani. Zungusha mpini mpaka uguse mwisho. Kisha fungua mgongo, washa tochi ya simu, mulika ndani ya lenzi kwa mshazari. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na muuzaji atakuambia ni alama ya vidole. Mshukuru, m-goi, uende meza inayofuata.